TAHADHARI: "Putii halisi za KAR" ni blanketi lililokatwa

Wakusanyaji wa vitu vya kijeshi na mnaoshona mavazi ya maigizo, msitume hela kwanza. Kuna muuzaji anatembeza mtandaoni putii, vile vitambaa virefu ambavyo askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walizungushia miundi, akiapa ni za Vita ya Kwanza ya Dunia. Kinachofika ni blanketi la poliesta lililokatwa vipande na kuchovywa kwenye chai.

Kabla hata ya kuuliza bei, omba picha ya ukingo. Putii ya jeshi ilifumwa kwa sufu katika upana wake huohuo, sentimita 10 hivi, kwa hiyo ina pindo la kufumwa pande zote mbili. Yake imepigwa ovaloki. Ukiona uzi wa ovaloki, achana nayo.

Urefu nao unamuumbua. Ya kweli inakaribia mita 2.7, mbali na utepe wa pamba wa kufungia. Yeye anatuma mita 1.8. Ukianzia kwenye kifundo, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule wa chini, kitambaa kinakwisha katikati ya muundi badala ya kufika chini ya goti. Na poliesta hainyumbuki kama sufu: ukiilegeza inateremka, ukiikaza inazuia damu, mguu unakufa ganzi.

Kama mzigo umeshafika, chomoa nyuzi mbili uziunguze. Sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikaganda kishanga kigumu. Utepe umulike gizani kwa taa ya kukagulia noti. Ukiwaka samawati, ni wa juzi, au umefuliwa kwa sabuni ya kisasa, kwa hiyo usihukumu kwa taa peke yake.

Zile anazoita "Fox" ndizo kichekesho. Putii za kampuni ya Fox ya Wellington, Uingereza, zilifumwa zikiwa na mpindo zifuate umbo la mguu, ndiyo maana zina vibati vya L (kushoto) na R (kulia). Zake zimenyooka kama rula, na vibati vyote viwili ni L.

Anataka alipwe yote kwa simu kabla ya kutuma. Mwambie apige picha putii imekunjuliwa yote, futikamba pembeni, na karatasi yenye tarehe ya leo. Jibu lake ni lilelile kwa kila mtu: "Mzigo umeshafungwa, bosi."