Likizo ya marafiki wawili kutoka Entebbe: Zanzibar, Shelisheli, Dubai au Ulaya?

Safari ya marafiki wawili mara nyingi huvunjwa na hati za mmoja wao, hata kabla ya bei ya tiketi kuzungumzwa. Pasipoti ya mmoja imebakiza miezi minne, au viza yake imekataliwa na ya mwenzake imetoka. Wakivuka hapo, kinachofuata ni mfuko: mmoja anaishiwa siku ya tatu na mwenzake anaanza kumlipia kila kitu. Kwa hiyo orodha hii tumeipanga kwa swali moja tu: je, yule mwenye hati dhaifu na mfuko mwembamba atafika na kustarehe sawasawa na mwenzake?

Kabla ya kubishana kuhusu fukwe na maduka, wekeni pasipoti zote mbili mezani. Hesabuni miezi sita kuanzia siku mtakayorudi, si siku mtakayoondoka. Angalieni kama kuna kurasa mbili tupu. Kisha andikeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, la ukoo na la kupewa kila moja mahali pake. Wengi wetu tumezoea kutanguliza jina la ubatizo mahali pengine na la ukoo mahali pengine. Tiketi ikikatwa kwa jina la mazoea, kulirekebisha kunaweza kukugharimu, na wakati mwingine tiketi hukatwa upya. Pasipoti mpya ya kawaida ni shilingi 250,000, nayo isiombwe wiki ya mwisho.

Halafu kadi ya manjano. Uganda iko katika ukanda wa homa ya manjano, kwa hiyo mtaulizwa kadi hiyo karibu kila mahali. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na ndiyo maana anayechanjwa siku tatu kabla ya ndege huwa amechelewa ingawa kadi anayo mkononi. Tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Msichanjwe upya kwa hofu.

Ya kwanza: Zanzibar

Kwa marafiki wawili wanaosafiri pamoja kwa mara ya kwanza, Zanzibar haina mpinzani. Mganda haombi viza, Uganda Airlines hufika huko kutoka Entebbe, na lugha ni hii hii unayoisoma. Hilo la mwisho lina thamani ya fedha: anayeuliza bei katika soko la Darajani kwa Kiswahili, akasalimia kwanza na kupatana kwa upole, mara nyingi hatajiwi bei ya mtalii. Ila tahadhari moja: kitambulisho cha taifa, ndaga muntu, kinachokufikisha Kenya na Rwanda hakitoshi Tanzania. Lazima pasipoti.

Kosa kubwa la Zanzibar ni kuchagua hoteli kwa picha bila kuuliza upande wa kisiwa. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani na jirani zake, ina kina kifupi, na maji yakipwa huenda mbali sana hadi kwenye mwamba. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Mtu aliyetoka na taulo baada ya kifungua kinywa atakuta mchanga mweupe mtupu, vijiti vya mashamba ya mwani, kina mama wakivuna, na chaza na viumbe wa baharini wenye miiba inayochoma miguu. Siku za maji mafu tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Saa zenyewe husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo ulizeni hoteli jedwali la maji la wiki yenu kabla ya kulipa. Kama mnataka kuogelea saa yoyote, nendeni kaskazini, Nungwi au Kendwa. Kama mmoja anataka kujifunza kucheza na kishada juu ya maji na mwingine anataka kupumzika tu, Paje ni bora na bei zake za vyumba ni za viwango vingi zaidi.

Epukeni masika, Machi hadi Mei, hasa Aprili: baadhi ya hoteli hufunga na bahari huchafuka. Juni hadi Oktoba ni wakati wa kusi, hewa kavu na ya kupendeza. Mwezi wa Ramadhani mji hutulia mchana, na kula hadharani Mji Mkongwe ni kukosa adabu. Fukweni vazi la kuogelea ni sawa. Mjini na vijijini funikeni mabega na magoti, mwanamume na mwanamke.

Fedha zina mambo mawili. Tangu Machi 2025 Tanzania imezuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilisheni mpate shilingi za Tanzania. Dola mtakazobeba ziwe noti za 100 au 50, mpya na zisizochanika, kwa sababu noti ndogo hupewa kiwango cha chini na zile za kabla ya 2009 hukataliwa kwingi. Pia tangu Oktoba 2024 Zanzibar inataka wageni wawe na bima yake ya safari. Ulizeni kiasi chenu kabla ya kupanda ndege, si mlangoni. Na msikodi pikipiki bila kibali cha udereva cha huko, kwa maana vizuizi vya polisi ni vingi barabarani.

Ya pili: Shelisheli

Nchi hii haidai viza kwa Mganda, na hilo pekee linaipandisha juu ya Dubai. Mnachotakiwa ni idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni ndani ya siku 30 kabla ya safari, pamoja na tiketi ya kurudi na malazi yaliyothibitishwa na yenye leseni. Kila mmoja anajaza yake. Kulala kwa mtu mliyefahamiana naye mtandaoni hakukubaliki hivi hivi.

Ni ghali, hatufichi. Dawa yake ni nyumba ndogo yenye jiko, basi la umma pale Mahé, kisiwa kikuu, na chakula cha kufungiwa badala ya mgahawa wa hoteli. Ongezeni ushuru wa mazingira wa kila usiku ulioanza Agosti 2023. Boti ya Mahé hadi kisiwa cha Praslin huchukua kama saa moja na huyumba sana upepo ukiwa mkali. Anayetapika baharini anywe dawa nusu saa kabla. Aprili na Oktoba ndiyo miezi ya bahari tulivu. Kisiwa cha La Digue hutembelewa kwa baiskeli, na kwa wawili wenye mwendo mmoja hakuna siku nzuri kuishinda hiyo.

Ya tatu: Dubai

Dubai inapendwa Kampala, hasa na wanaochanganya likizo na kununua bidhaa. Tumeiweka ya tatu kwa sababu ya viza: ni ya kuombwa kabla, huamuliwa mtu mmoja mmoja, na masharti kwa wasafiri wa Afrika yamekuwa yakibadilika ghafla. Msilipe tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza zote mbili hazijatoka.

Nendeni Novemba hadi Machi. Julai joto huvuka nyuzi 40 na mtaishia ndani ya maduka. Hoteli za Deira ni nafuu na ziko karibu na metro. Bei ya chumba mara nyingi haijumuishi ada ya utalii ya kila usiku, dirhamu 7 hadi 20. Dawa zenye kodini au tramadoli zinadhibitiwa vikali. Dawa ya maumivu ya aina hiyo inaweza kukuingiza mahabusu ukikosa karatasi ya daktari.

Ya nne: Ulaya

Viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, na bima lazima ifidie angalau euro 30,000. Ombi huchukua siku 15 au zaidi. Benki yako, kazi yako na ardhi yako ndivyo vinavyopimwa, wala urafiki wenu hauna uzito. Ifanyeni safari ya pili au ya tatu.

Na kama pasipoti ya mmoja imegoma kabisa, Diani, ufukwe wa Kenya kusini ya Mombasa, ipo: ndaga muntu inatosha, basi hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, kivuko cha Likoni.

Mkishachagua, kateni tiketi kwa nambari moja ya uhifadhi pale ambapo viza si tatizo, ili ratiba ikibadilika mhamishwe pamoja. Pale viza inapotia shaka, kila mtu akate yake. Chumba andikeni wazi: vitanda viwili tofauti. Kwa chakula na teksi, kila mmoja atoe kiasi sawa cha siku mbili kwenye pochi moja, ashike mmoja, na kikiisha mtoe tena sawa. Ununuzi binafsi usiguse pochi hiyo.

Shelisheli na Dubai hakuna malaria. Mmoja wenu akipata homa huko, mwambieni daktari mara moja kwamba mmetoka Uganda na mnataka kipimo cha malaria siku hiyo hiyo, kwa sababu huko si ugonjwa wa kwanza atakaoufikiria.