Cheti cha rasilimali watu: darasa nimelipenda, dirisha la tatu sitalisahau

Nina hasira. Nimengoja ipoe wiki kadhaa sasa na haipoi, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Nilisoma cheti cha uzamili cha usimamizi wa kimkakati wa rasilimali watu, masomo ya jioni, kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam ambacho sitakitaja. Ada na orodha ya masomo mtavikuta kwenye tangazo lao. Mimi nina habari ya dirisha la tatu.

Kazi ya mradi, ile ya mwisho ambayo bila hiyo cheti hupati, niliipeleka mwenyewe kwa mkono, nakala mbili, nikasaini kwenye daftari la mapokezi. Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina langu pameandikwa "haijakamilika". Sikukasirika hata kidogo siku hiyo. Karatasi hupotea, mimi mwenyewe ni afisa utumishi na najua majalada yalivyo. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda daladala mbili, nikaenda.

Nyuma ya kioo cha dirisha la tatu, pale mapokezi, nilimkuta binti anamenya chungwa. Nikamsalimia, nikamweleza. Akasema, "Mama, wewe hujakusanya." Kompyuta hakuigusa, daftari hakulifungua.

"Nimekusanya, mdogo wangu. Nilisaini hapa hapa."

"Wote mnasema hivyo."

Nikamwomba anionyeshe daftari. Akalifungua kwa shingo upande, na mimi nikainama kwenye kile kitundu cha kioo nikaiona saini yangu: mstari wa tano kutoka chini, wino wa bluu, mkia wake umeingia kwenye mstari wa mwenzangu kwa sababu siku ile niliandika kwa haraka. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, kiganja kimelowa maji ya chungwa, akalifunga. "Saini siyo kazi. Andika nyingine, au usubiri mwaka ujao." Halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Hicho kiganja ndicho sijakisahau.

Nilirudi tena. Mara mkuu yuko kikaoni, mara mfumo haufanyi kazi, mara niache namba ya simu nitapigiwa. Sikupigiwa. Likizo yangu ya mwaka ni siku 28, kama sheria inavyotaka, na nne kati ya hizo zimeishia kwenye benchi la chuo hicho. Na sheria yenyewe nilifundishwa ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mwajiri asimwachishe mtu kazi bila sababu halali na bila kufuata utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko kwake, siyo kwa mfanyakazi. Najua mimi si mwajiriwa wao, sheria hiyo hainihusu pale dirishani. Lakini chuo kinachofundisha watu kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu, kingeanza na mtu aliyesimama mbele yake akionyesha saini yake.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msiende. Tatizo ni mwalimu wa mipango ya watumishi.

Kabla ya huyo mzee nilikuwa mtunza majalada tu: mikataba, likizo, michango ya NSSF, barua za onyo. Jioni ya kwanza alituuliza, "Kampuni yenu itahitaji watu gani miaka mitatu ijayo, na mtawatoa wapi?" Darasa zima kimya. Akatufundisha kadi ya alama (balanced scorecard) ya wataalamu Kaplan na Norton ya mwaka 1992, inayotaka kampuni ijipime kwa fedha, kwa wateja, kwa michakato yake ya ndani na kwa kujifunza, siyo kwa fedha peke yake. Akaja na maandishi ya Dave Ulrich, msomi wa rasilimali watu, ambaye mwaka 1997 aliandika kwamba mtu wa rasilimali watu ana kazi nne, na mojawapo ni kuwatetea wafanyakazi huku nyingine ikiwa kukaa na wakubwa kwenye mkakati. Nilidhani hizo mbili zinagombana. Mzee akasema chukua tatizo moja la kazini kwako ulipime, utaona.

Nikachukua madereva. Kazini kwetu madereva wa malori walikuwa wanaacha kazi kila kukicha, na wakubwa wanasema madereva hawana shukrani. Nikakaa na daftari: gharama ya tangazo, ya usaili, ya kumzoesha mgeni njia, ya mzigo uliochelewa. Nikawatafuta walioacha, nikawauliza mmoja mmoja. Wengi jibu lao lilikuwa moja: posho ya safari inalipwa wakisharudi, njiani wanakula kwa kukopa. Nikapeleka jedwali langu kwa meneja. Sasa posho inalipwa kabla lori halijatoka getini, na tangu hapo ameacha dereva mmoja tu, naye alikwenda kuuguza mama yake.

Kazi hiyo ndiyo niliyoambiwa sikukusanya.

Kwa hiyo someni, kwa kweli someni, hamtarudi kazini mlivyokuwa. Hata ada sasa naiona ndogo. Lakini ngojeni niwaambie kazi yangu ilivyopatikana. Mzee aliposikia alishuka mwenyewe mpaka dirishani. Haikufika saa moja, kazi yangu ikatolewa kwenye rundo la kozi nyingine, nakala zote mbili. Binti akampa mzee, siyo mimi, akarudi kukaa. Nikasimama pale nikingoja. Mtu akijikwaa barabarani kwetu, hata usiyemjua, anaambiwa pole. Mimi nilingoja hiyo pole mpaka mzee akanishika bega tukaondoka. Na mwanafunzi asiye na mwalimu wa kushuka naye ngazi afanyeje? Hapana, nikifika hapo narudi kulekule: msiende, mpaka waseme nani anawajibika kwa lile dirisha.

Mdogo wangu anataka kujiunga muhula ujao na ameniachia fomu nimsaidie. Nimeijaza mpaka sehemu ya pili. Ya tatu inauliza jina la aliyekupendekezea chuo, na hapo nimeacha wazi tangu Jumapili.