Nilirekodi "thamini", wanafunzi wangu wakasikia "amini"

Neno lililonikosanisha na studio moja ya hapa Kisumu ni thamini. Nililitamka mara tatu mbele ya kipaza sauti chao, polepole, ncha ya ulimi ikiwa kati ya meno kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, na faili waliyonirudishia ikasema amini. Haikusema kwa mbali wala kwa kukwaruza. Ilisema amini safi kabisa, kwa sauti yangu mwenyewe, mara tatu, kana kwamba sijawahi kuijua sauti ya th tangu nizaliwe.

Nimejizuia kuandika haya kwa majuma kadhaa, nikitumaini kwamba hasira itapoa na nitaweza kupima mambo kwa haki. Haijapoa. Ninaandika kwa sababu nimesikia kwamba mwalimu mwenzangu wa Kakamega anajiandaa kupeleka masomo yake katika studio hiyo hiyo. Jina la studio silitaji hapa. Yeye nitamwambia ana kwa ana.

Ni lazima nieleze kwanza kozi yangu inahusu nini, la sivyo mtu ataona kwamba ninaikuza herufi moja. Ninafundisha matamshi ya Kiswahili mtandaoni, na huku kwetu somo hilo lina uzito wake. Mtoto aliyelelewa kwa Dholuo huja darasani akisema sule na sida kwa kuwa lugha yake ya kwanza haina sh. Aliyelelewa kwa Kiluhya huenda akakwambia kwamba amenunua pata sokoni ilhali ni bata aliyembeba mkononi. Nilipofundisha Nakuru, nilikuwa na wanafunzi waliokwenda kula siku ya uchaguzi na kupiga kura saa ya chakula cha mchana. Sisemi haya kwa kumcheka mtu yeyote, kwa maana mimi mwenyewe nilisema sule hadi kidato cha pili, na ninaukumbuka uso wa mwalimu aliyenirekebisha bila kuniaibisha. Kozi nzima, masomo yote 14, imejengwa juu ya jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: saba na shaba, fua na vua, kula na kura, thamini na dhamini. Mwalimu wa historia akipoteza sauti katika tovuti yake, bado atabaki na maandishi na picha. Mimi nikipoteza sauti moja, hakuna somo.

Kurekodi nyumbani nilikuwa nimejaribu na nikachoka. Ninaishi karibu na barabara ya kwenda Kondele, ambako bodaboda hazilali, na paa langu ni la mabati. Mvua ya alasiri ikianza kunyesha, hata mtu aliye chumbani nawe humsikii. Kuna pia kwarara wanaotua juu ya mti wa jirani kila asubuhi na kupiga kelele ambazo hakuna mlango unaozizuia. Kwa hiyo nilikusanya shilingi 18,000, ambazo kwa mwalimu si fedha za mchezo, nikawalipa studio kwa siku mbili za kurekodi na kwa kazi ya kuhariri.

Chumba chao, nakiri, ni kizuri. Kuta zimevikwa sifongo, sakafu ina zulia zito, na nilipovaa vipokea sauti na kujisikiliza kwa mara ya kwanza bila mwangwi wa ukuta nilikaribia kutoa machozi. Dada wa mapokezi aliniletea maji ya uvuguvugu bila kuombwa, akaniambia kwamba maji baridi hukaza koo. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikiwa na furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu, na nikamwambia mume wangu kwamba kama ningalikuwa na fedha ningelirekodi huko kila kitu nitakachofundisha maishani.

Faili za kwanza zilikuja kwa muundo mzito mno, wa WAV, ambapo somo la dakika 10 lilizidi megabaiti 100. Mmoja wa wanafunzi wangu ni binti wa Ahero anayesoma kwa simu ya mama yake, na bando la mama huyo huhesabiwa kama sukari nyumbani. Niliwapigia studio, na kesho yake tu wakanitumia MP3 za mkondo mmoja wa sauti, kila somo la dakika 10 likiwa chini ya megabaiti 5. Hapo sikuwa na lalamiko lolote. Ningeulizwa siku hiyo, ningewapa nyota tano na kuwaombea wateja.

Niliyapakia masomo yote na, kwa haraka ya furaha, nikayasikiliza juu juu kwa spika ya simu huku nikipika. Hilo ni kosa langu na silikani. Mwenye kozi anapaswa kuketi na vipokea sauti masikioni na kusikiliza kila neno kabla ya mwanafunzi hata mmoja kulifikia. Lakini mtu akilipia kazi ya kuhariri, ana haki ya kudhani kwamba aliyehariri alisikiliza.

Tovuti yangu inatumia Moodle, programu ya kuendeshea kozi za mtandaoni, ambayo ndani ya kihariri chake ina kitufe cha kurekodi sauti. Mwanafunzi hubonyeza, kivinjari humwomba ruhusa ya kutumia kipaza sauti cha simu yake, naye husema na kutuma. Msimamizi asipobadilisha, muda wa kurekodi ni dakika 2, nazo zinatosha kwa jozi kumi za maneno. Zoezi la somo la nne lilikuwa hilo: sikiliza, kisha tamka kama mwalimu. Niliketi usiku mmoja kuyasahihisha. Wa kwanza alisema amini na dhamini. Nikamwandikia kwa upole kwamba arudie. Wa pili akasema amini na dhamini. Wa tatu, vivyo hivyo. Nilipofika kwa binti wa Ahero nilisikia kwanza kuku nyuma yake, kisha sauti yake ndogo ikisema amini kwa uangalifu ambao sijausikia kwa mwanafunzi mwingine, na chini yake ameandika: Mwalimu, nimesikiliza mara nane ili nitamke kama wewe.

Alitamka kama mimi. Hilo ndilo lililoniondolea usingizi. Alinakili kwa uaminifu kile nilichompa, na kile nilichompa hakikuwa sahihi.

Nilichukua vipokea sauti nikasikiliza masomo yote hadi alfajiri. Thamini ilikuwa amini. Fua ilikuwa ua, na ile sentensi yangu kwamba mama anafua nguo ilisikika kuwa mama anaua nguo. Fahali alikuwa ahali. Hasara ilikuwa asara. Lakini shaba na saba zilikuwa zimepona, na dhamini imepona nusu, na hapo ndipo nilipotambua kilichotendeka, maana uharibifu huu ulikuwa na mpangilio wake. Studio walikuwa wamepitisha sauti yangu katika programu ya kusafisha kelele. Programu ya aina hiyo hupewa kwanza kipande cha ukimya wa chumba, ambacho kwa kweli si ukimya bali ni mvumo wa feni na mitambo, ikaambiwa kwamba hiyo ndiyo kelele. Kisha hupita katika rekodi nzima ikipunguza kila kinachofanana nayo. Sasa, th na f ni vikwamizo visivyo ghuna. Nyuzi za sauti hazitetemeki. Ni pumzi tu inayopenya katika uwazi mwembamba kati ya ulimi na meno, au kati ya mdomo na meno, nayo ni hafifu na imetawanyika katika masafa ya juu. Kwa programu, pumzi hiyo na upepo wa feni ni kitu kimoja. S na sh zina nguvu zaidi, kwa hiyo huvuka. Dh ni ghuna, kwa hiyo mtetemo wake hubaki hata pumzi ikipotea. Irabu hazidhuriki sana, ndiyo maana asiyesikiliza kwa makini huiona kazi kuwa nzuri na sauti kuwa tulivu.

Dawa ya jambo hili si ngumu. Kiwango cha usafishaji hupunguzwa, mvumo kidogo huachwa ubaki nyuma ya sauti, na pumzi ya th huachwa iishi. Au feni huzimwa wakati wa kurekodi. Kazi ya dakika chache. Kwa hiyo sikwenda studio kugombana. Nilikwenda nikiwa nimeandika kwenye karatasi kila dakika yenye kosa, nikaamkia, nikaketi.

Fundi wa sauti ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Nilimwambia, "Kijana wangu, hebu tusikilize pamoja somo la nne." Hakuvua kipokea sauti cha sikio la kulia. Alicheza sekunde chache, akasema, "Mwalimu, hiyo iko safi kabisa." Nikamwambia neno nililotamka ni thamini. Akacheza tena, akatikisa kichwa, na akanijibu maneno ambayo ninayaandika jinsi alivyoyasema: "Mwalimu, watu husikiliza maana. Hakuna anayesikiliza herufi moja moja. Nimerekodi kwaya zote za huku na hakuna aliyewahi kulalamikia herufi." Kisha akakigeuza kiti chake kuelekea kioo cha tarakilishi, ambako wimbo wa kwaya ulikuwa unamngoja, akanipa mgongo nikiwa bado nimeishika karatasi yangu.

Nimelitafakari jibu hilo kuliko linavyostahili. Kwa kwaya huenda ana haki, kwa kuwa sauti arubaini na kinanda huifunika th iliyokosekana, na msikilizaji hujazia mwenyewe. Lakini mimi sikumpelekea wimbo. Nilimpelekea herufi moja moja, ndizo nilizolipia. Na hata kama kazi ilikuwa ngumu kwake, hakuna katika malezi yoyote ninayoyajua ya pande hizi, ya Kijaluo wala ya Kiluhya, ambako mtoto humpa mama mgongo akiwa bado anazungumza.

Niliomba basi nipewe rekodi za asili, zile ambazo hazijasafishwa, nizihariri mwenyewe. Ndipo mwenye studio alipotoka ofisini na kunieleza kwamba zilishafutwa ili kupata nafasi. Siku mbili za koo langu, masomo 14, hayapo tena popote ulimwenguni isipokuwa katika umbo lile lililonyofolewa th. Ningalikuwa nimeuliza mapema ningalizichukua siku ile ile kwa kifaa changu. Anayekwenda studio yoyote na asiombe nakala ya rekodi ghafi kabla ya kuvuka mlango anajitafutia majuto.

Nilikusudia kumalizia hapo kwa kusema kwamba mtu asikanyage kwao. Kisha mwenye studio alinipigia simu jioni moja, akaomba radhi kwa utaratibu, akasema atanirudishia nusu ya fedha au nirudi nirekodi upya bila malipo, naye mwenyewe ataketi kwenye mitambo. Alizungumza kama mtu mwenye haya. Kwa siku nzima niliona kwamba nimekuwa mkali, na kwamba chumba kizuri namna ile, na mtu anayekiri kosa, ni vitu adimu katika mji huu. Nyota tatu, nilijiambia, labda nne nikirudi na kazi ikawa nzuri. Ila sikurudi. Kila nikikumbuka kile kiti kikigeuka, na kila nikisikia kuku wa Ahero nyuma ya lile neno lililonakiliwa kwa uangalifu mkubwa, nyota hupungua. Leo ninawapa mbili. Moja ni ya chumba, moja ni ya dada wa mapokezi na maji yake.

Nimechukua nusu ya fedha. Nimenunua kipaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye tarakilishi, nimeweka Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, na nimehamia katika stoo ya nyumba yangu, kati ya magodoro mawili yaliyosimamishwa na blanketi nililotundika nyuma ya mlango. Huamka saa kumi alfajiri, kabla ya kwarara na kabla ya bodaboda nyingi. Sauti yangu si tulivu kama ile ya studio. Kuna mvumo, na katika somo la tatu kuna mbwa wa jirani ambaye nimeshindwa kumwondoa bila kugusa f iliyo karibu naye, kwa hiyo nimemwacha. Lakini th ipo. Nimeipima kwa vipokea sauti, kwa spika ya simu, na kwa sikio la mume wangu, ambaye nilimwomba aandike kila neno analosikia bila kuona orodha, akaandika thamini.

Mwanzoni mwa kozi nimeweka rekodi ya sekunde 40 ya kuwaomba wanafunzi radhi na kuwaeleza kwamba kosa lilikuwa la faili, halikuwa la masikio yao. Kumbukumbu za tovuti zinaonyesha ni akina nani walioifungua. Binti wa Ahero bado hajaingia tangu nilipomwandikia, kabla sijajua ukweli, kwamba arudie. Huenda ni bando, huenda simu iko kwa mama. Somo la sita nitalirekodi kesho alfajiri, mvua isiponyesha.