Daktari wa mtaani Nyegezi na bingwa wa watoto mjini: tathmini baada ya miezi 11

Binti yetu ana miezi 11 sasa, na katika muda huo ametibiwa na madaktari wawili. Wa kwanza ana zahanati binafsi mtaani kwetu Nyegezi, na kwa miaka 6 amekuwa akimtibu kila aliyeugua nyumbani kwetu, kuanzia shinikizo la damu la mama mkwe hadi vidonda vya tumbo vyangu mwenyewe. Wa pili ni daktari bingwa wa watoto anayefungua kliniki yake katikati ya jiji alasiri mbili tu kwa wiki, baada ya kumaliza zamu zake za hospitali. Sitawataja kwa majina, kwa sababu kila mmoja nina la kumlalamikia, na huduma za namna hii zinapatikana sehemu nyingi za Mwanza.

Ninapomwita wa kwanza daktari wa familia, nafuata mazoea yetu ya mtaani. Udaktari bingwa wa familia ni fani changa nchini, na wengi tunaowaita hivyo ni madaktari wa kawaida waliosoma shahada ya udaktari kwa miaka 5, wakafanya mafunzo ya vitendo kwa mwaka 1, kisha wakakaa mahali pamoja hadi wakazijua nyumba zetu. Bingwa wa watoto huongeza miaka 3 ya masomo juu ya hapo, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa masomo hayo hutolewa hapa hapa, katika chuo kikuu kilichopo mlimani Bugando. Inafaa pia kuuliza mapema, kwa adabu, kama anayekaa mezani ni daktari au ni afisa tabibu, maana koti jeupe ni lile lile na mapokezi hawasemi wasipoulizwa.

Siku ya 4 baada ya kuzaliwa, mtoto alianza kuwa na rangi ya manjano usoni. Daktari wetu wa mtaani alimtazama akiwa amefungwa khanga hadi kidevuni, akasema ni hali ya kawaida na tumwanike jua la asubuhi. Mama mkwe alikubaliana naye kabisa, kwa kuwa hata watoto wake walianikwa. Siku ya 6 mtoto alikuwa mzito kuamka kunyonya, ndipo tulipopanda daladala kwenda mjini. Bingwa aliamuru avuliwe nguo zote, akamsogeza dirishani, akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba kwenye paji la uso, kifuani, kisha mapajani, na kila alipoachia alama ilibaki ya manjano kabla damu haijarudi. Mwisho aligeuza nyayo, nazo zilikuwa za manjano. Hakuandika dawa yoyote. Aliandika rufaa ya haraka ya kupimwa bilirubini, ile kemikali ya damu inayoleta umanjano, na jioni hiyo hiyo mtoto alilazwa chini ya taa za mwanga wa buluu, macho yamefunikwa, kwa siku 2. Alitueleza kwamba watoto wengi hupata manjano wiki ya kwanza na yakaisha yenyewe, lakini yakifika viganjani na nyayoni ni dalili ya hatari, kwa kuwa bilirubini ikizidi huweza kuudhuru ubongo, na jua la uani si tiba ya kutegemea.

Kosa hilo la daktari wetu sikulisahau, na ndilo linalonifanya niseme bila kusita kwamba katika miezi 2 ya kwanza, na kwa muda mrefu zaidi kwa mtoto aliyezaliwa njiti, ni heri kuvumilia foleni ya bingwa. Mtoto mchanga anayeumwa sana huenda asipate hata homa; anaweza kuacha kunyonya tu, au akapoa mwili, na anayewaona wachanga kila siku huyatambua hayo mapema.

Foleni yenyewe, hata hivyo, si ya mchezo. Mtoto alipopata mafua akiwa na miezi 5, tulitoka Nyegezi saa 8 mchana, tukakwama Mkuyuni kwa sababu ya mvua, tukafika tukapewa namba 17. Tuliingia saa 1 usiku na kutoka baada ya dakika 6 tukiwa na ushauri sahihi kabisa: aendelee kunyonya, pua isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi, antibayotiki za nini? Ada ya kumwona daktari ilikuwa shilingi 35,000. Mtaani tungelipa 10,000. Muuguzi wa pale nampa sifa zake, maana alimsalimia mama mkwe kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu", na kumtafutia kiti watu wengine wakiwa wamesimama, lakini kiti hakifupishi saa za kungoja na watoto wanaokohoa pande zote.

Ubora wa daktari wa familia ulionekana mahali ambapo sikuutarajia. Mtoto alipokuwa na miezi 3, nilikwenda kuchukua dawa za mama mkwe, na daktari akaniuliza, "Baba, yule mtoto wa shemeji yako mwenye selimundu anaendeleaje? Na huyu wa kwako amepimwa?" Bingwa alikuwa ametuuliza kuhusu magonjwa ya ukoo, nasi, kwa haraka na woga wa siku ile, tukajibu kwamba hakuna. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imeenea sana kanda hii, na dalili zake kwa kawaida hazionekani miezi ya mwanzo kwa kuwa damu ya mtoto bado ina himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Anayegundulika mapema huanzishiwa penisilini ya kinga kabla maambukizi hayajamwahi. Binti yetu alipimwa, akakutwa amerithi kinasaba kimoja tu, kwa hiyo haumwi. Hata hivyo, swali lile lilitoka kwa mtu ambaye hakuhitaji faili kumkumbuka mtoto wa shemeji.

Kisha ikaja homa ya saa 4 usiku, mtoto akiwa na miezi 8. Simu ya bingwa haikupokelewa, na simlaumu. Daktari wa mtaani alifungua mlango akiwa na kandambili, akafunua kifua cha mtoto na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima macho yakiwa kwenye saa yake, zikawa 44, chini ya 50 ambayo kwa umri huo huhesabiwa kuwa ni kupumua haraka. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria. Alimpima uzito kabla ya kuandika dozi, jambo ambalo wauzaji wa maduka ya dawa hawalifanyi, akamsagia kidonge cha kwanza cha dawa ya mseto na kutuweka benchi nusu saa kuona kama atatapika.

Chanjo hazimo katika mashindano haya. Wote wawili walituelekeza kliniki ya mama na mtoto ya serikali, ambako hutolewa bila malipo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Kadi ya kule ndiyo kitu cha kwanza ambacho kila mmoja wao huomba, ingawa bingwa huanza na mstari wa uzito na wa mtaani huanza na chanjo.

Kwa sasa mtoto wetu ni wa daktari wa mtaani. Katika ziara ya mwisho mjini, bingwa alituuliza tunatibiwa wapi karibu na nyumbani, kisha akaandika barua ya nusu ukurasa kwa daktari huyo, akieleza historia ya manjano, majibu ya selimundu na hali zinazompasa kumrudisha kwake siku hiyo hiyo: degedege, kifua kubonyea anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya, uzito kutopanda miezi 2 mfululizo. Daktari wa Nyegezi aliisoma mara mbili, akakiri kwamba wiki ile alipaswa kumvua mtoto nguo, na akaibana barua kwa pini nyuma ya kadi ya kliniki.