Formasio (mafunzo) ya majibu ya papo hapo, Lubumbashi: karatasi iache, zoezi la viti lichukue

Inafanyika kwenye darasa la kukodi katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Jumamosi nne mfululizo, masaa mawili kila Jumamosi. Bei ni franka 40,000. Wanachoahidi ni kwamba mtu akikurushia neno, hutabaki umeduwaa. Ahadi inatimia nusu, na nusu hiyo ndiyo ambayo tangazo lao haliitaji.

Jumamosi mbili za kwanza zinaliwa na karatasi. Unapewa majibu 50 yaliyochapwa uyakariri: la anayekucheka nguo, la anayekuita mfupi, la anayeuliza utaoa lini. Mengi yametoka kwenye video za wachekeshaji wa Ufaransa, na yamebaki kwa Kifaransa. Jibu la kukariri linangoja swali lake, na swali halifiki kamwe kama lilivyoandikwa. Nani atakuambia "wewe ni mfupi"? Atakuambia "simama basi tukuone", ilhali umeshasimama. Hapo unaanza kupekua karatasi kichwani, upate linalokaribia, uligeuze Kiswahili, na waliokaa pale wameshahamia habari nyingine. Mwalimu hapa humtaja Denis Diderot, Mfaransa wa karne ya 18, aliyeandika jinsi alivyonyamazishwa mezani na jibu likamjia ameshafika chini ya ngazi. Mfano mzuri. Kwetu ngazi si nyingi. Jibu linatufikia ndani ya taksi-bisi, katikati ya abiria wasiohusika.

Jumamosi ya tatu ndiyo ya kulipia. Viti viwili vinatazamana. Wa kwanza anarusha sentensi moja, na wa pili lazima aanze jibu lake kwa neno la mwisho alilosikia. Akianza kwa neno jingine, au akisema "eeh" kwanza, anarudia. Ukitazama kwa mbali utasema ni mchezo wa watoto, lakini unagusa kasoro yenyewe. Utafiti uliopima mazungumzo katika lugha 10, uliotoka 2009, ulikuta pengo la kawaida kati ya msemaji na anayemjibu ni kama milisekunde 200. Kuandaa neno moja hadi litoke mdomoni kunachukua karibu milisekunde 600. Kwa hiyo kila mtu hutunga jibu wakati mwenzake bado anasema, hilo haliepukiki. Anayeharibu ni yule anayetunga mapema mno: anafunga masikio, anajibu sentensi aliyoidhania, na kumbe utamu wa utani ulikuwa kwenye neno la mwisho. Zoezi linamlazimisha alingoje.

Wauza nyanya wa soko la Kenya hawakufundishwa hilo na mtu. Mteja: "Mama, nyanya ndogo hivi!" Mama: "Papa, umekuja kuzila au kuzioa?" Tusi halimo, heshima ya "papa" imebaki mahali pake, na mteja ndiye mwenye deni la kujibu. Ukiongeza sentensi ya pili ya kueleza, jibu limeoza. Makosa mengi ya wanafunzi yako hapo hapo: jibu lenyewe zuri, kisha wanalifafanua, au wanacheka wao kabla ya watu.

Jumamosi ya nne ni ya kukubali na kugeuza, na hapa mwalimu amechagua vizuri kufundishia Mazembe na Lupopo, vilabu viwili vya soka vya Lubumbashi vyenye upinzani. Wa Lupopo anaanza: "Fainali ya dunia ya vilabu 2010, Inter iliwapiga 3-0." Ni kweli, hakuna wa kubisha. Wa Mazembe anayejitetea kwa kuhesabu makombe matano ya mabingwa wa Afrika ana hoja, ila hachekeshi mtu. Anayefaulu anauliza tu: "Na ninyi mtapigwa huko lini?" Amekubali kipigo, amekigeuza sifa. Jibu likikataa kuja, unarudisha maneno ya mwenzako kwa sauti ya swali, "Inter iliwapiga?", ukapata kama sekunde moja. Mara moja tu kwa mazungumzo. Ukirudia utaonekana kiziwi.

Sasa lawama. Wanafunzi 24, mwalimu mmoja, viti viwili: jozi 12 zinagawana dakika 120, na ukitoa maelezo na wachelewaji, kila jozi inabaki na dakika sita hivi. Wangepanga jozi sita kwa wakati mmoja, na watu wasikilizane wenyewe. Tena ni ajabu kuonyesha video za Paris katika mji wa Mufwankolo, mwigizaji mchekeshaji ambaye kikundi chake kilijenga michezo kwa Kiswahili cha hapa hapa kwa kubuni maneno mazoezini, bila kuandikiwa kila neno.

Lililo zito zaidi ni kwamba hawafundishi nani hajibiwi hivyo. Kambo, yaani bibi yako, mlango wake uko wazi: ni mtani wako, hukuita mume. Akisema "bwana yangu, leo hata sabuni hujaniletea", unaweza kumwambia "sabuni ya nini, mke wangu, na jana nilikuacha unang'aa?", na atafurahi. Maneno hayo hayo kwa mama mkwe yataitisha kikao cha familia. Na polisi wa rulaji (wa barabarani) akikuomba permi ya kuendesha gari, jibu la kuchekesha lina bei, na bei anaipanga yeye. Karatasi inawapa wote hao jibu lile lile, na kijana anayetoka pale akiliamini atapata shida nyumbani kabla ya kupata sifa kijiweni.

Kwa anayezungumza na watu kwa kazi, muuza simu, mkusanya nauli, mwenye meza sokoni, Jumamosi mbili za mwisho zinafaa. Mwalimu anakubali nusu ya bei kwa anayeingia ya tatu, ingawa hatangazi. Umwombe kabla darasa halijaanza, mkiwa wawili, na mwenzako utakayekaa naye kitini awe mtu anayekuzoea. Karatasi ya majibu 50 watakupa tu, hata usipoitaka.