Signal: huduma ya ujumbe isiyo na cha kumkabidhi hakimu

Nilianza kazi ya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990, siku ambazo Tanzania ilikuwa inalegeza marufuku ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyowekwa baada ya mfumo wa Wizara ya Fedha kushindwa kazi. Tangu hapo hadi nilipostaafu nilikuwa mtu wa chumba cha seva: yule anayeshika nywila ya juu kabisa, anayeamshwa usiku barua pepe zinapokwama, na ambaye hakumbukwi na mtu mambo yanapokwenda vizuri. Katika mojawapo ya ofisi nilizopitia, ambayo sitaitaja, mkuu wangu aliniita akanitaka nimfungulie sanduku la barua pepe la mfanyakazi mwenzetu, ambaye alimshuku kuwa anatafuta kazi kwingine. Hapakuwa na amri ya mahakama wala hata kikaratasi chenye saini. Nilimfungulia. Kazi yenyewe haikuchukua dakika tano, na mwenzetu hakupata kujua.

Nalieleza hilo kwa sababu ndilo lililonifundisha namna ya kupima huduma yoyote ya mawasiliano. Sikujiona mtu mbaya, na ofisi ile ilikuwa na kanuni za usiri zilizobandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Lakini barua zilikuwepo, ufunguo nilikuwa nao, na aliyezitaka alikuwa na uwezo wa kunifukuza kazi. Ndiyo maana ahadi za kampuni kuhusu faragha hazinisisimui. Ninachouliza ni hiki: siku mkubwa, mwizi au hakimu atakapogonga mlango wa chumba cha seva, aliyemo ndani atakuwa na nini cha kumkabidhi? Kwa kipimo hicho nimeitazama Signal, programu ya ujumbe na simu ninayoitumia kila siku pamoja na familia yangu na marafiki wachache wa zamani wa kazi.

Kwa asiyeifahamu, Signal ni programu ya bure ya kutuma ujumbe, picha na sauti, kupiga simu za kawaida na za video, na kuunda vikundi vya watu hadi 1,000. Haina matangazo. Mwenye nayo ni taasisi isiyotafuta faida, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2018 na Moxie Marlinspike, aliyeibuni, pamoja na Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, ambaye aliweka dola milioni 50 za mwanzo. Msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote mwenye ujuzi wa kuusoma. Ujumbe hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu, kwa hiyo seva iliyo katikati hupitisha kitu isichoweza kukisoma.

Wengi watasema, na watakuwa sahihi, kwamba WhatsApp nayo inafanya hivyo hivyo. Inafanya, tena kwa kutumia utaratibu ule ule wa usimbaji, yaani huko kuufunga ujumbe usisomeke njiani, uliobuniwa na watu wa Signal, ambao WhatsApp ilikamilisha kuuweka kwa watumiaji wake wote mwaka 2016. Anayewaambia watu kwamba WhatsApp inasoma meseji zao hajui anachokisema, na anaharibu hoja nzuri kwa kuipaka chumvi. Tofauti ya huduma hizi mbili haiko ndani ya ujumbe. Waliofanya kazi katika ofisi za zamani watamkumbuka tarishi na lile daftari lake la kusainia barua: barua imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, tarehe ngapi, imepokelewa na nani. Mtu mwenye kulisoma daftari la tarishi kwa mwezi mmoja angejua nani anagombana na nani, nani yuko karibu na mkurugenzi na nani anakaribia kustaafishwa, bila kufungua bahasha hata moja. Wataalamu huliita daftari hilo metadata. Kampuni kubwa zinalipenda kuliko barua zenyewe, kwa sababu barua zimejaa salamu na porojo, lakini daftari halipotezi maneno.

Signal imejitahidi kutokuwa na daftari. Orodha ya wanachama wa kikundi imesimbwa, jina na picha yako vimesimbwa, na tangu mwaka 2018 mfumo umewekewa njia ya kuficha hata mtumaji, kama bahasha isiyoandikwa nyuma. Na jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walioko Virginia walipeleka hati kwa Open Whisper Systems, jina la kikundi kilichokuwa kikiitengeneza Signal wakati huo, wakitaka kila kilichopo kuhusu namba mbili za simu. Namba moja haikuwa na akaunti. Kuhusu ya pili vilikabidhiwa vitu viwili: wakati akaunti ilipofunguliwa, na wakati ilipounganishwa na seva kwa mara ya mwisho. Hakuna jina wala orodha ya marafiki, na wala si kwamba watu hao walikaidi sheria. Waliitii kikamilifu, wakatoa vyote walivyokuwa navyo. Niliposoma nyaraka zile, ambazo wanasheria wa ACLU, shirika la Marekani la kutetea haki za raia, walipigania hadi zikaruhusiwa kuchapishwa, nilikumbuka dakika zangu tano na nikaona wivu.

Ahadi, kwa upande wake, ni mali ya mwenye kampuni, na kampuni huuzwa. Facebook iliinunua WhatsApp mwaka 2014, na mwaka 2016 masharti yakabadilishwa ili taarifa za watumiaji zianze kwenda kwa mnunuzi. Mwaka 2017 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110 kwa kuwa, ilipokuwa ikiomba idhini ya kununua, iliwapa wasimamizi maelezo yasiyo sahihi kuhusu uwezekano wa kuunganisha akaunti za huduma hizo mbili. Januari 2021 yakaja masharti mengine, yaliyowasukuma mamilioni ya watu kwenda kujaribu Signal kwa wakati mmoja hadi seva zake zikazidiwa. Nigeria, ambayo haikuridhika kulalamika tu, iliitoza Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, faini ya dola milioni 220 mwaka 2024 kutokana na masharti hayo na namna taarifa za raia wake zilivyotumiwa. Natamani wasimamizi wetu wa Afrika Mashariki waisome hukumu ile. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia, Kenya ina sheria yake tangu 2019, na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inahifadhi mawasiliano ya mtu binafsi, kwa hiyo maandishi ya sheria hatujapungukiwa.

Hapa ndipo wenzangu wenye kupenda utaratibu hunikatiza na kuuliza: je, polisi wanaomtafuta mtekaji wa watoto wafanyeje? Ni swali la haki, nami si adui wa mahakama. Ila nimekaa na mitambo muda mrefu kiasi cha kujua kwamba mtambo hausomi hati ya hakimu. Mwaka 1994 Marekani ilitunga sheria iliyozilazimisha kampuni za simu kujenga ndani ya mitambo yao njia ya polisi kusikiliza kwa amri ya mahakama. Miaka 30 baadaye, mwaka 2024, ilibainika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wamejipenyeza katika kampuni kubwa za simu za nchi hiyo, na mashirika ya usalama ya Marekani yakathibitisha kwamba miongoni mwa walivyonakili ni taarifa zilizokuwa zimeombwa na polisi kwa amri za mahakama. Desemba ya mwaka huo huo serikali iliyokuwa ikilalamikia usimbaji kwa miaka mingi iliwashauri maofisa wake wakubwa watumie programu zenye usimbaji kamili, na Signal ikatolewa kama mfano. Uingereza ilipokuwa ikijadili sheria ya usalama mtandaoni iliyopitishwa Oktoba 2023, Signal ilisema wazi kwamba ingeondoka katika soko hilo kuliko kutoboa tundu katika usimbaji wake. Nampongeza Meredith Whittaker, rais wake tangu 2022, kwa msimamo huo, ingawa najua ni rahisi zaidi kwa taasisi isiyo na wanahisa kuusema.

Sasa nije kwenye kasoro, na ya kwanza ni kubwa. Huwezi kujisajili bila namba ya simu. Mmarekani anaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini laini ya Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, kwa hiyo namba ni mtu mwenyewe. Tangu Februari 2024 unaweza kuificha namba yako kwa watu wengine na kutumia jina la mtumiaji, na kila anayejiunga afanye hivyo siku ya kwanza. Hata hivyo mlangoni namba inadaiwa bado. Utegemezi huo una hatari zake nyingine. Agosti 2022 kampuni ya Twilio, iliyokuwa ikituma tarakimu za kuthibitisha namba kwa niaba ya Signal, ilidukuliwa, na takribani watumiaji 1,900 wakawa katika hatari ya akaunti zao kusajiliwa kwenye simu nyingine. Na hapa kwetu namba ikikaa bila kutumika hugawiwa mtu mwingine, jambo ambalo kila aliyewahi kupokea ujumbe wa madeni ya mtu asiyemjua analielewa.

La kuchekesha ni kwamba utegemezi huo unaiumiza Signal hata mfukoni. Ilipochapisha hesabu zake Novemba 2023, kutuma zile tarakimu sita kulikuwa kunaigharimu dola milioni 6 kwa mwaka, wakati seva zilikuwa zikigharimu milioni 2.9. Yaani zaidi ya maradufu ya gharama za seva inakwenda kwa watu wa simu, kwa meseji ambayo mtumiaji anaipokea mara moja na kuisahau. Ukitaka kujua nguvu ya kampuni ni nini, usiitafute kwenye hotuba. Itafute kwenye mstari kama huo wa hesabu.

Nguvu hiyo hiyo inaonekana chini ya sakafu ya nyumba. Seva za Signal ziko juu ya mitambo ya kukodi ya kampuni kubwa, na tarehe 20 Oktoba 2025 mitambo ya Amazon ilipopata hitilafu, Signal ilikatika pamoja na huduma nyingine nyingi. Wenye ndugu Muscat na Dubai wana kumbukumbu nyingine. Oman na Falme za Kiarabu, pamoja na Misri na Qatar, ziliizuia Signal, nayo ikawa inapita kwa kujifunika jina la Google, mpaka Google ilipoifunga njia hiyo mwaka 2018, na Amazon ikaionya isijaribu kwake. Mawasiliano ya mama wa Zanzibar na mwanawe aliye Muscat yaliamuliwa na kampuni mbili za Marekani ambazo hakuna mmoja wao aliyezipigia kura. Ujumbe uliomo ndani hauwezi kusomwa na kampuni hizo, nalo ni jambo kubwa, lakini swichi ya umeme si ya Signal.

Kasoro nyingine nitazipitia kwa haraka. Kwa miaka mingi kuhifadhi nakala ya mazungumzo kulikuwa kazi ya watu wenye subira: kwenye Android, nakala iliyofungwa kwa tarakimu 30 ambazo ukizipoteza hakuna wa kukusaidia, kwa sababu ile ile kwamba hakuna mwenye ufunguo wa ziada. Na hakuna programu inayozuia uzembe. Machi 2025 maofisa wa juu wa Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen katika kikundi cha Signal ambacho walikuwa wamemwingiza mwandishi wa habari bila kujua. Usimbaji ulifanya kazi yake sawasawa, ukampelekea mwandishi kila neno.

Kinachowakwaza wengi, hata hivyo, si cha kiufundi. Shemeji yangu, niliyemwekea programu hii mwenyewe, huniambia, "Shemeji, hii Signal yako ni mtaa mzuri, nyumba imara, ila majirani hawajahamia." Ana haki. Kamati za harusi ziko WhatsApp, kikundi cha wazazi wa shule kiko WhatsApp, fundi bomba na muuza samaki wako WhatsApp. Mtu hawezi kuwaambia wanakamati 140 wa mchango wa harusi wahamie kwingine kwa sababu ya daftari la tarishi.

Sikuhama na sishauri mtu ahame kwa kishindo. Michango, misiba na picha za wajukuu nimeviacha viliko. Yaliyohamia Signal ni mazungumzo ya nyumbani kuhusu majibu ya hospitali, hati za kiwanja, fedha za ada na ugomvi wa mirathi, pamoja na maongezi yangu na wanasheria wawili. Kwa kazi hiyo naipa alama 8 kati ya 10, mbili nikizikata kwa ajili ya namba ya simu. Atakayeiweka leo aingie kwenye mipangilio kabla ya kutuma salamu ya kwanza: afunge kufuli ya usajili kwa namba ya siri ambayo hatumii kwingine, afiche namba yake ya simu, na apange ujumbe ujifute baada ya wiki nne. Mke wangu amepanga wake ujifute baada ya siku moja, na hajaniambia kwa nini.