Boksi la Viatu la Operation Christmas Child: Upakiaji Ndio Wenye Kazi

Huduma hii ya zawadi za Krismasi, inayoendeshwa tangu mwaka 1993 na Samaritan's Purse, shirika la Kikristo la misaada, inamwezesha Mkristo wa kawaida kumfikia mtoto asiyemjua kwa boksi moja la viatu lililojazwa zawadi. Ni huduma nzuri kweli, ila uzuri wake unategemea mpakiaji.

Anza kwa kuchagua mvulana au msichana, kisha rika: miaka 2–4, 5–9 au 10–14. Wavulana wa 10–14 ndio husahaulika zaidi, kwa hiyo tunashauri uanze nao.

Weka kwanza zawadi moja kubwa. Mpira wa miguu unafaa sana: utoe upepo, ukunje, na usisahau pampu na sindano yake. Bila hivyo viwili, mtoto anapokea ngozi tupu, na inauma kuona zawadi nzuri ikipotea hivyo. Penseli nazo ziende na kichongeo. Sabuni ya kipande ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo madaftari na nguo vyote vitanuka sabuni.

Dawa ya meno, peremende, chakula, vimiminika, dawa, vitu vilivyotumika na vifaa vya kuchezea vya kivita havikubaliki. Wajitolea hukagua kila boksi na kuviondoa, basi nafasi hiyo inakuwa imepotea bure. Kwa sababu hiyo usilifunge kwa gundi. Mpira mwembamba wa kufungia unatosha.

Barua fupi ya mkono, yenye ombi la baraka, ipakie mwishoni, juu ya vitu vyote.